Waifai imegoma kwenye Linux? Iulize kadi jina lake kwanza

Jumatatu moja asubuhi, sijamaliza hata kufagia vumbi la mlangoni, mwalimu mmoja wa Kiswahili alinijia na laptopu yake ya HP. Alikuwa ameifunga kwenye kaveera (mifuko ya plastiki) mbili, moja juu ya nyingine, kwa hofu ya mvua. Kibanda changu kiko Busia, upande wa Uganda, si mbali na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka.

"Binti yangu," akaanza kabla hajaketi, "hii mashine inapata waifai nikiikumbatia ruta tu. Nikirudi mezani, kwisha."

Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi mwingine. Huko walimfutia mfumo mara mbili, wakamwekea Linux Mint ileile aliyokuwa nayo, kisha wakamuuzia adapta ya USB ambayo nayo haikushika mtandao. Hela zimekwenda, tatizo liko palepale, na mitihani ya wanafunzi wake imekwama humo ndani.

Nikamwambia, "Mwalimu, kaa kwanza. Chai inakuja. Tuiulize kadi jina lake."

Waifai ikigoma kwenye Linux, wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kuweka mfumo upya, au kunakili amri za mtu ambaye kadi yake ya waifai, kile kipande cha ndani kinachoshika mtandao, ni nyingine kabisa. Hapo ni kumnywesha mgonjwa dawa ya jirani. Siwacheki, maana mimi mwenyewe nimepita huko. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikesha na ThinkPad ya zamani, nikaiwekea Ubuntu, ambayo nayo ni Linux, mara tatu usiku mmoja. (Wateja wangu Waganda wakilisikia jina hilo hutabasamu, kwao obuntu ni utu.) Asubuhi mdogo wangu akaniletea rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), akainama kuiangalia mashine, akauliza, "Dada, hiki kiswichi cha pembeni ni cha nini?" Kilikuwa kimezimwa. Usiku mzima nilikuwa napambana na kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kwa hiyo siku hizi naanza na swichi. Fungua dirisha la amri (kwenye Mint na Ubuntu ni Ctrl, Alt na T kwa pamoja), uandike:

rfkill list

Utaona kitu kama hiki:

0: phy0: Wireless LAN
   Soft blocked: no
   Hard blocked: yes

Mstari wa "Soft" ni kufuli la mfumo. Ukisema yes, andika `sudo rfkill unblock all` na limefunguka. Mstari wa "Hard" ni kufuli la mashine yenyewe, na hilo amri hailifungui, linataka kidole. ThinkPad na Dell Latitude nyingi za zamani zina kiswichi cha kusukuma ubavuni. HP nyingi zina kitufe cha F12 chenye kitaa: kikiwa cha rangi ya machungwa kadi imezimwa, kikiwa cheupe au cha buluu iko hewani. Laptopu nyingine huhitaji ubonyeze Fn pamoja na kitufe chenye picha ya mnara.

Umebonyeza vyote na bado inasema imefungwa? Kama ni Lenovo IdeaPad, huenda mashine inadanganya. Kuna moduli (kipande cha programu ya mfumo) iitwayo ideapad_laptop ambayo kwenye baadhi ya laptopu hizo hudai kuna swichi imezimwa, na swichi yenyewe haipo. Jaribu:

sudo modprobe -r ideapad_laptop

Waifai ikifufuka hapohapo, umempata mkosaji. Mfungie nje moja kwa moja:

echo "blacklist ideapad_laptop" | sudo tee /etc/modprobe.d/ideapad.conf

Na kama laptopu yako ina Windows upande wa pili, kumbuka kwamba Windows ikiwa na Fast Startup haizimi mashine sawasawa. Husinzia tu, na kadi huachwa katika hali ambayo Linux inashindwa kuiamsha. Ingia Windows, uzime hiyo Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, kisha uzime kompyuta kabisa. Kwa laptopu ambayo betri yake inatoka, mimi huitoa, nachomoa chaja, nashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, narudisha kila kitu. Ukiniona utadhani ni uganga, lakini kadi iliyoganda mara nyingi huamka.

Laptopu ya mwalimu haikuwa na kufuli lolote. Hapo ndipo ikaja amri ninayoiheshimu kuliko zote:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Yeye ilimtolea hivi (mstari mmoja nimeuruka):

Network controller [0280]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. RTL8723BE PCIe Wireless Network Adapter [10ec:b723]
   Kernel driver in use: rtl8723be
   Kernel modules: rtl8723be

Tazama mabano ya mwisho: 10ec:b723. Hiyo ndiyo namba ya kadi, na inasomeka kama namba ya lori. Hapa mpakani nikiona K mwanzoni najua lori ni la Kenya, U ni la kwetu, T limetoka Tanzania. Kwa kadi, herufi nne za mwanzo ni kabila la mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros. Nne za pili ni kadi yenyewe. Ukitaka msaada popote, taja namba hiyo. Mtu akikuambia "waifai ya HP yangu haifanyi kazi" hajakuambia kitu, kwa sababu HP huweka kadi za makabila yote manne.

Mstari wa pili una uzito uleule. "Kernel driver in use" ikiwepo, maana yake kadi imepata draiva, yaani programu ya kuiendesha, na ugonjwa uko kwingine. Usipokuwepo mstari huo, kadi inaonekana lakini haina wa kuiendesha. Na kama amri haikutoa chochote kabisa, mfumo hauioni kadi: imezimwa ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka), imelegea kwenye tundu lake, au imekufa. Hapo weka kibodi pembeni, chukua bisibisi. Ondoa betri kwanza, ichomoe kadi, sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa raba ya shule, irudishe. Vumbi letu jekundu huingia hata mahali ambapo sindano haiingii. Adapta za USB haziko kwenye lspci. Hizo utaziona kwa `lsusb`.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: nitapakuaje draiva na intaneti sina? Simu yako ndiyo kamba. Iunganishe na laptopu kwa waya wa USB ule wa kuchajia (uwe unaopitisha data, nyaya nyingi za bei ya chini hupitisha umeme tu), kisha kwenye mipangilio ya simu washa kusambaza mtandao kwa USB. Linux huichukulia simu kama waya wa kawaida wa mtandao na inaingia bila kuulizwa. Kuna siri ndogo: simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya jirani, inasambaza waifai hiyohiyo, kwa hiyo bando lako haliguswi.

Ukitumia bando, nakuomba usiandike `apt upgrade`. Andika `sudo apt update`, halafu sakinisha pakiti moja unayoihitaji, basi. Pakiti ya linux-firmware peke yake kwenye Ubuntu ni mamia ya megabaiti. Nimeshuhudia bando la wiki likiisha kijana akiwa bado anasubiri asilimia arobaini.

Kadi zisizo na draiva zinazofika kwangu mara nyingi ni za Broadcom. Ile yenye namba 14e4:4365, yaani BCM43142, imejaa kwenye Dell Inspiron na HP za miaka fulani. Kwenye Ubuntu na Mint dawa yake ni:

sudo apt install bcmwl-kernel-source

Kwenye Debian pakiti inaitwa broadcom-sta-dkms, na inahitaji linux-headers ya keneli (kiini cha Linux) unayotumia, maana draiva hii hujengwa papo hapo ndani ya mashine. Mwenye Mint ana bahati zaidi: Kidhibiti cha Draiva (Driver Manager) kinaweza kuichukua kutoka kwenye flashi uliyosakinishia mfumo, bila intaneti. Msiigawe ile flashi mkishamaliza.

Broadcom ina mtego mmoja. Unasakinisha, kila kitu kinaenda vizuri, unawasha upya, waifai hakuna. Andika `sudo modprobe wl`. Ukijibiwa "Key was rejected by service", tatizo ni Secure Boot. Mashine inakataa draiva isiyo na muhuri inaoujua. Wakati wa kusakinisha uliombwa kutunga nenosiri, si ndiyo? Na ulipowasha upya likaja skrini la buluu, ukaona usumbufu, ukalipita. Skrini lile ndilo lilikuwa linataka kuupokea muhuri. Ama urudie usakinishaji na safari hii uchague Enroll MOK na kuandika nenosiri lile, ama uingie BIOS uzime Secure Boot. Kwa mteja anayekaa mbali nachagua hii ya pili, sitaki arudi na basi kwa ajili ya skrini la buluu.

Intel ni watulivu. Draiva yao, iwlwifi, imo ndani ya keneli tayari. Kinachokosekana ni famuea, ile programu ndogo ambayo kadi hulishwa kila inapoamka. Angalia:

sudo dmesg | grep -iE 'iwlwifi|firmware'

Ukiona "failed with error -2", faili halikupatikana. Lakini usikurupuke. Draiva hii hujaribu kwanza toleo jipya la famuea, ikilikosa hushuka hadi la nyuma yake, na kila ikikosa hulalamika. Soma hadi chini. Ukikuta "loaded firmware version", imepata chakula, na yale malalamiko ya juu ni kelele tu. Usipolikuta, kwa Debian andika `sudo apt install firmware-iwlwifi`. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya kwanza ambayo flashi yake rasmi inabeba famuea hizi. Ya 11 na za nyuma hazikuzibeba, na ndiyo sababu watu wengi waliikimbia Debian wakidhani ni mbovu.

Laptopu mpya kabisa zina shida ya kinyume: kadi imezaliwa baada ya keneli. Realtek RTL8852BE, kwa mfano, ilipata draiva kwenye keneli 6.2, kwa hiyo Ubuntu 22.04 yenye 5.15 haiijui. Angalia yako kwa `uname -r`, kisha upandishe keneli, kwenye 22.04 ni `sudo apt install linux-generic-hwe-22.04`. Kwetu hapa kesi hizi ni chache, laptopu zetu nyingi zimekuja zikiwa zimeshatumika kwingine.

Wakati chai inamiminwa nilichomeka ile adapta ya USB aliyouziwa mwalimu, nikaandika lsusb. Nikacheka peke yangu. Ilijitambulisha hivi:

0bda:1a2b Realtek Semiconductor Corp. RTL8188GU 802.11n WLAN Adapter (Driver CDROM Mode)

Yaani ilikuwa inajifanya CD. Adapta hizi ndogo zimebeba draiva ya Windows ndani yake, na zikichomekwa tu hujionyesha kama CD ili Windows isome. Linux ikiona CD, inaiacha kuwa CD. Inabidi uitoe, kama ungetoa CD halisi:

sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b

Subiri sekunde chache, andika lsusb tena, namba itakuwa imebadilika. Ile ya mwalimu ikawa 0bda:c811, na hapo ndipo unapojua kadi yake hasa ni ipi. Lile jina la mwanzo lilikuwa la uongo pia. Kadi hii imo kwenye keneli kuanzia 6.2. Mwalimu alikuwa na Mint 21 yenye 5.15. Aliyemuuzia hakupoteza hata dakika moja kuangalia.

Sikumpandishia keneli, kwa sababu kadi ya ndani ilikuwa na draiva na ilikuwa inaona mtandao. Kadi inayoona mtandao karibu na haioni mbali haina njaa ya draiva, ina shida ya sikio. Nikampima:

iw dev wlo1 link

(Badala ya wlo1 weka jina la kwako, utalipata kwa `ip link`, huanza na wl.) Mstari wa signal ulisema -84 dBm, na ruta yangu iko mita tatu kutoka mezani. Namba hizi ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyosikika. Kwenye -50 unasikia vizuri kabisa, -70 unafanya kazi, ikipita -80 unaambulia vipande.

Nikafungua mfuniko wa chini. Kadi ya RTL8723BE ina vitundu viwili vya antena, kila kimoja hakizidi kichwa cha kiberiti. Kwenye laptopu hii waya ulikuwa mmoja tu, mweusi, umebanwa kwenye kitundu kimoja; cha pili kitupu, kimeng'aa kama siku kilipotoka kiwandani. Draiva ilikuwa inasikiliza kwenye kile kitupu. Nikamwita mwalimu aje atazame. Akavaa miwani, akainama, akasema, "Kumbe ana masikio mawili na anatumia lililoziba."

Huhitaji hata kufungua mashine. Ambia draiva ibadilishe sikio:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Subiri iunganike, upime tena kwa ile amri ya iw. Hali ikiwa mbaya zaidi, rudia ukiweka ant_sel=1. Ukishajua namba inayokufaa, iandike ikae:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Kwa mwalimu ilikuwa 2. Ikapanda kutoka -84 hadi -51, bila kuhama mezani.

Nikiwa bado nayo mkononi nikafanya jambo moja ambalo huwafanyia karibu wote wanaolalamika kwamba waifai inakatika kila baada ya dakika chache. Ubuntu na Mint hubana umeme wa kadi ili kuokoa betri, na kadi nyingine hazijui kusinzia bila kulala fofofo. Fungua faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kwa `sudo nano`, mahali palipoandikwa wifi.powersave = 3 weka 2, kisha:

sudo systemctl restart NetworkManager

Kuna na lile la mtandao mmoja kutoonekana wakati mingine yote inaonekana, na simu inauona. Mara nyingi ruta iko kwenye chaneli ya 12 au 13 na laptopu inajiona iko nchi nyingine. Andika `iw reg get` uone inajidhani iko wapi, halafu `sudo iw reg set UG`. Kama kadi ilitengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukataa hata hivyo; ingia kwenye ruta uihamishie chaneli 1, 6 au 11, na kila mtu nyumbani atashukuru.

Ukiamua kubadilisha kadi yenyewe, angalia kwanza kama laptopu inakubali. ThinkPad za enzi za T420 na X220 zina orodha yao ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka ya nje ya orodha, mashine inakataa kuwaka na inakuandikia "1802: Unauthorized network card". Niliwahi kununua kadi tatu kwa mkupuo kabla ya kulijua hilo. Mbili bado ninazo.

Mwalimu hakuamini kuona mistari yote ya waifai imejaa. Akaibeba laptopu ikiwa wazi, akatoka nje, akawapita vijana wa boda, akafika hadi kwa mama wa chapati, macho kwenye skrini, huku akiniita kila hatua tano: "Bado ipo! Bado ipo!" Vijana wakamfungulia njia kama msafara wa bwana harusi. Ilikatika alipofika kwenye nguzo ya umeme, akarudi hatua mbili, ikashika.

Ile adapta ya USB alitaka kuitupa. Nilimwomba aniachie, nikamkata bei ya kazi. Sasa naitumia kwenye kompyuta yangu yenye keneli 6.8, na inashika mtandao bila taabu, ikishatolewa u-CD.